Utangulizi: Rekodi za Mabao Katika Ligi ya Kufikirika

Kijana wa Kilolo, kuanzia Ilula, wanakopakia nyanya, hadi Iringa mjini, mashabiki hawaishi kubishana: Meddie Kagere wa Simba na Stephane Aziz Ki wa Yanga, nani alikuwa na msimu mkali zaidi? Kagere alifunga mabao 23 ya ligi msimu wa 2018/19, Aziz Ki 21 msimu wa 2023/24. Wengi huufunga ubishi hapo. Taaluma yetu, ya kupima rekodi kwa ligi ya kufikirika, ndipo inapoanzia.

Ligi ya Kagere ilikuwa na timu 20, kila moja ikicheza mechi 38. Ya Aziz Ki ilikuwa na timu 16 na mechi 30. Wapenzi wa besiboli Marekani waligombana hivihivi mwaka 1961, Roger Maris alipouvusha mpira ukuta mara 61 na kuipita rekodi ya Babe Ruth ya 60, ya mwaka 1927. Msimu wa Maris ulikuwa wa mechi 162, wa Ruth 154. Mwaka huohuo Hal Richman alianza kuuza Strat-O-Matic, mchezo wa kadi na dadu unaowakutanisha wachezaji kwa takwimu zao halisi.

Nasi tufanye hivyo. Aziz Ki alifunga wastani wa bao 0.7 kwa kila mechi ya ligi. Mpe mechi 38, anafika 26 au 27. Lakini usiishie hapo, maana wastani hauchezi mpira. Iachie kompyuta irudie msimu huo mara elfu, nafasi ya kufunga ikiwa ileile kila dakika ya kila mechi. Takribani msimu mmoja kati ya mitano, Aziz Ki yuleyule hafikishi hata mabao 23! Mimi jibu hilo hunisisimua kuliko ubishi wenyewe: bahati nayo imo ndani ya rekodi, na sasa tunaweza kuipima.

Kazi ya kwanza ninayokuomba ni ya nyumbani. Lipuli ya Iringa ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019, ikafungwa na Azam 1-0, kisha ikashuka daraja mwaka 2020. Chagua mshambuliaji wake mmoja. Andika kila mechi: tarehe, mpinzani, dakika alizocheza, mabao. Penalti ziweke katika safu ya peke yake, kwani anayepewa penalti zote za timu hushindana kwa masharti tofauti na mwenzake.