Mwanga tusiouona ndio taa ya samaki mchanga

MVUVI wa Mtongwe, Likoni, anapochungulia maji maangavu huenda akadhani hayana kitu, ilhali samaki mchanga aliye chini ya ngalawa yake anaona chakula tele.

Tofauti hiyo imo machoni. Mwanga wa jua una miale ya urujuanimno, ambayo mawimbi yake ni mafupi kuliko ya rangi ya zambarau na hayafiki nanomita 400. Lenzi ya jicho la mtu mzima huizuia miale hiyo. Samaki wengi wachanga, kinyume chake, wana lenzi inayoipitisha pamoja na seli maalumu za kuipokea.

Faida yake ni riziki. Samaki aliyeanguliwa karibuni hula vijidudu vinavyoelea majini, ambavyo miili yao huangaza mithili ya kioo. Hata hivyo, vingi hufyonza au kutawanya miale hiyo, na hivyo hujitokeza waziwazi mbele ya macho yanayoweza kuiona.

Kwa baadhi ya samaki, uwezo huo ni wa utotoni tu. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2008 ulionyesha kwamba vifaranga vya tilapia wa Naili, anayefugwa sana humu nchini, huanza maisha jeni ya kuona urujuanimno ikifanya kazi. Wanapokua, jeni hiyo hufifia na nyingine, za kupokea mawimbi marefu zaidi, huchukua nafasi yake.

Samaki wengine hawaupotezi. Mwaka wa 2010 watafiti nchini Australia waliripoti kwamba samaki mmoja mdogo wa matumbawe huwatambua wenzake kwa michoro ya usoni inayoonekana kwa miale hiyo pekee.

Lakini miale hii hufifia upesi maji yanapojaa tope. Katika hori ya Mwache, karibu na Changamwe, mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilileta udongo mwingi uliofukia mizizi ya mikoko na kuiua.

Hasara kama hiyo huhesabiwa kwa miti iliyokauka. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba mikoko hunasa udongo kabla haujafika kwenye matumbawe. Ikiangamia, tope husonga mbele, na samaki mchanga huzimiwa taa anayotafutia chakula. Asiyeshiba leo hatakuwa kitoweo kesho.