LUGHA ZA ORDINATERE: TUNASAHIHISHA MANENO YETU



Katika gazeti lililopita tuliwaandikia ya kwamba lugha C inapita Python kwa mbio, na tulileta ushuhuda: programu yetu ya C ilijumlisha namba mara milioni elfu moja, ikamaliza mbele hatujapumua, na Python ikatungojesha mpaka tukachoka. Wengi walipiga makofi. Leo tunaomba samahani. Ni kweli C inapita, lakini ushuhuda wetu ulikuwa wa bure.

Ordinatere haisikii C, inasikia namba za mashini tu. Njo maana kuna programu inayoitwa kompilatere, kazi yake ni kutafsiri. Lakini haitafsiri neno kwa neno. Inatazama kwanza kazi nzima. Ikiona ndani ya mzunguko hesabu ambayo jibu lake halibadiliki, inaitoa inje, ifanywe mara moja tu. Mpishi wa internat naye haendi mtoni kuteka maji kwa kila sahani ya bukari! Tena, ikiona kazi ambayo jibu lake halitumiwi popote, inaifuta kabisa.

Kumbe sisi tulisahau kuandika amri ya kuonyesha jumla. Kompilatere ikatupa mzunguko wote. Mashini haikukimbia, haikufanya kazi hata kidogo. Tulitumia kompilatere GCC na alama -O2. Tulipoweka -O0, bila kugusa herufi moja ya programu, ikachukua sekunde mbili tatu. Lugha ni ileile, mbio ni mbali mbali.

Jambo hili si la leo. Mwaka 1957 kampuni IBM ilitoa FORTRAN kwa mashini IBM 704, kazi ya kundi la John Backus. Wakati ule watu waliandika maagizo ya mashini wao wenyewe, hawakuamini mtafsiri ataweza kuwafikia. Kama FORTRAN ingekwenda polepole, wangeikataa. Basi kundi lile lilitoa jasho jingi juu ya mbio. Mwaka uleule mwalimu wa hesabu, Frances Allen, aliingia IBM apate kulipa deni la masomo yake, akapewa kazi ya kuwafundisha watafiti FORTRAN. Alifikiri atarudi shuleni. Akabaki mpaka 2002, na mwaka 2006 alipewa tuzo ya Turing, mwanamke wa kwanza kuipata. (Wadada wa math-physique, mnasikia?)

Na Python? Ile ya kawaida inatafsiriwa nusu, halafu programu ingine inasoma maagizo moja moja. Kila mara inauliza: hizi ni namba ao ni maneno? Haiwezi kujua mbele. Kuna PyPy, inayotafsiri sehemu zinazorudiliwa sana wakati programu inaendelea, na mara nyingi inapita mbali ile ya kawaida.

Wale waliobishana na rafiki zao sababu ya karatasi yetu ya kwanza, wawaonyeshe hii pia. Programu iliyosahihishwa tumeibandika kwenye mlango wa darasa la sita.