Sauti ya pili ya mtumba: Mama watoto anajua?

Umewahi kuona mtu mmoja anaimba halafu spika zinatoa watu watatu? Kuna kimashine kinalala sakafuni, mwimbaji anakikanyaga kwa mguu, nacho kinainyoosha sauti yake pale ilipopinda, kisha kinamwekea sauti ya pili na ya tatu. Kunyoosha huko kulipata jina kupitia Auto-Tune, programu iliyotoka 1997. Aliyeibuni, Andy Hildebrand, alikuwa mhandisi aliyezoea kusoma mawimbi ya sauti ili kutafuta mafuta ardhini! Mwaka 1998 Cher akasikika nayo kwenye "Believe", na baadaye hata Bongo Fleva haikubaki nyuma.

Sasa mdogo wangu wa Kileo, kule Mwanga chini ya milima ya Upare, naye akaitaka. Anapiga kinanda na kuimba kwenye harusi, send-off na kipaimara. Mkewe ndiye sauti ya pili. Tangu wifi ajifungue, shoo za usiku zimekuwa ngumu. Bwana akasikia kuna BOSS VE-20 iliyotumika, Moshi mjini, laki tano. Akavunja kibubu kimyakimya.

"Wifi," dada wa watu akaniambia kwenye simu, "bora angetafuta mwimbaji mwingine. Huyo ningemsema. Mashine nitaisema nini?"

Usicheke. Hawa walikutana kwaya, yeye tena, mwenzake alto. Ile sauti ya pili ndiyo iliyowaoanisha. Kaka, kabla ya kufungua kibubu, fungua mdomo!

Nikasema twendeni Moshi wote, mtoto mgongoni, na maiki yetu wenyewe. Mtumba haununuliwi kwa macho. Kanyaga vile vikanyagio viwili hata mara ishirini, maana ndivyo vinavyopokea mateke ya kila wikiendi. Tikisa waya wa maiki uone kama sauti inakatika. Zungusha vitufe, sikiliza mikwaruzo. Kuhusu umeme, VE-20 inakula volti 9, hasi ikiwa katikati, kwa hiyo si kila adapta ya Kariakoo inaifaa. Kama adapta imetoka Marekani, soma maandishi yake: kule umeme ni volti 120, kwetu 230. Raha yake ni kwamba inakubali pia betri sita ndogo, tukijua umeme wetu ulivyo.

Mdogo wangu akaimba. Mwanzo ulikuwa bomba kweli. Ubeti wa mwisho, wanapopandaga kii, wifi akakunja uso: "Hiyo alto iko wimbo mwingine."

Alikuwa sahihi. Mashine haijui wimbo. Zipo zinazofuata chodi za gitaa au kinanda, kama VoiceLive 2, ila VE-20 unaitajia kii, nayo inang'ang'ania hiyohiyo. Ukipanda bila kuibadilisha, inakuaibisha mbele ya bibi harusi. Muuzaji naye hakulijua hilo. Akashuka hadi laki nne.

Pesa alizihesabu wifi. Masharti yake: usiku iende mashine, mchana aende mwenyewe, na fungu lake la kila shoo lisiguswe. Siku hizi kii za nyimbo zote anaziandika yeye kwenye daftari, na pale pa kupanda anapiga mstari mwekundu.