Mboji ya Zamani Usiitupe, Ichunguze

Bustani yetu iliyo nyuma ya kanisa hapa Moshi ina matuta manne ya kuinuliwa, yaliyokingwa kwa mbao na kujazwa mboji. Mboga zake tunaziuza Jumapili baada ya ibada, na fedha hizo ndizo nauli yetu ya kwenda kuwatembelea wagonjwa. Msimu wa tatu mchicha ulidumaa, majani ya chini yakawa manjano, na mboji ikashuka karibu shubiri nzima. Wengine wetu tulitaka itupwe korongoni, inunuliwe mpya. Tulipopiga hesabu, ilikuwa ni nauli ya miezi mingi.

Kumbe mboji ile haikuwa imekufa, ilikuwa na njaa tu. Vijidudu visivyoonekana kwa macho huendelea kuila, ndiyo maana hushuka. Naitrojeni inayoyapa majani ukijani huliwa na mboga, na nyingine huondoka na maji tunayomwagilia. Kinachobaki bado kinashika maji vizuri na ni laini kwa mizizi. Basi tuliichimbua, tukachanganya madebe mawili ya zamani na debe moja la mpya iliyokomaa, yaani isiyo na joto wala harufu mbaya.

Lakini kwa haraka yetu tulichota pia mboji ya tuta ambalo nyanya zake zilinyauka zingali za kijani, tukaitawanya katika tuta jingine. Bilinganya tulizopanda humo zilinyauka zote. Sisi wauguzi, ambao wodini hatutoi dawa kabla ya kupima, tuliona haya! Kipimo chenyewe ni rahisi. Kata shina la mche ulionyauka, lishikilie ncha yake ndani ya glasi ya maji safi, usilitikise. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka baada ya dakika chache, huo ni mnyauko wa bakteria. Bakteria hao huishi udongoni kwa miaka. Mboji hiyo isihamishwe, wala tuta lisipandwe nyanya, bilinganya, pilipili au viazi mviringo. Matuta yetu hayo mawili sasa yana mahindi na vitunguu, na jembe lake tunaliosha kabla ya kuligusisha kwingine.

Itazame na mizizi. Uvimbe ulio ndani ya mzizi wenyewe ni kazi ya minyoo fundo. Vile vinundu vya kunde vinavyobanduka kwa ukucha havina ubaya, tena hunasa naitrojeni ya hewani. Ukivuna kunde, kata shina uache mizizi humo humo.

Jambo moja la zahanati. Vimelea vya pepopunda hukaa udongoni na katika samadi, na paka hupenda kujisaidia kwenye mboji laini. Vaa glavu, hasa ukiwa mjamzito, kisha nawa kwa sabuni. Aliyechomwa na msumari wa mbao zile aende zahanati siku hiyo hiyo.

Jumapili iliyopita mchicha wa tuta la kwanza ulikwisha kabla wanakwaya hawajavua majoho.