Kutabirika na Kutabiriwa

Mwalimu, watahiniwa wengi huandika "mwisho wa hadithi unatabirika" kana kwamba wametaja kosa la mwandishi, kisha wakaishia hapo. Neno hili hufasiri kivumishi cha Kiingereza predictable. Kiswahili hakina kivumishi halisi cha maana hiyo. Hutumia kitenzi tabiri katika kauli ya kutendeka. "Kutabiriwa" ni kauli ya kutendwa: hapo yuko mhusika aliyetabiri.

Mwanafunzi wa Mfangano na aanze na ziwa. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu, usiku hugeuka. Upepo huo unatabirika ingawa hakuna aliyeutabiri. Mvuvi ameuzoea tu. Dhoruba ya ghafla ndiyo isiyotabirika.

Sasa chukua kisa cha Luanda Magere, shujaa wa Waluo ambaye uhai wake ulikuwa kivulini. Katika masimulizi mengi wazee humwonya asimwoe binti wa adui, naye haambiliki. Onyo hilo ni kiangaza mbele, na tangu hapo anguko lake linatabirika. Je, taharuki imekufa? Hata kidogo. Hadhira haiulizi tena kama ataanguka, bali siri itamtoka vipi. (Binafsi, kisa hiki hunikolea zaidi kila kinaporudiwa.)

Kwa hivyo, mtahiniwa, ukidai kuwa msuko unatabirika, taja kidokezi kilichokuwezesha kutabiri, kisha ueleze kimeathirije taharuki. Usipofanya hivyo, mtahini hana pa kutia alama.