Ukingo wa Dari na Breki ya Pikipiki



Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 8, ipo amri fupi ambayo wahubiri wengi huipita mbio. Anayejenga nyumba mpya anatakiwa kuizungushia dari yake ukingo, kwa sababu mtu akiteleza huko juu na kufa, lawama itamrudia mwenye nyumba. Dari za huko zilikuwa bapa. Rahabu alianika kitani juu yake, na Petro alipanda darini Yafa kusali. Mungu hakuishia kuahidi kuwalinda watu wa darini. Alimwagiza fundi ajenge.

Wengi wetu hatuna dari za namna hiyo. Tuna pikipiki. Yupo katekista anayezunguka vigango kwa pikipiki kuukuu, yupo mama anayewahi ibada ya kwanza na watoto wawili nyuma ya bodaboda. Kama pikipiki hiyo ina breki ya diski mbele, uhai wao unategemea kisilinda kidogo kilichofungwa kwenye usukani, kile mafundi wanachokiita masta silinda.

Anayetajwa kila tunapoeleza kazi yake ni Mkristo mwenzetu, Blaise Pascal wa Ufaransa, aliyezaliwa 1623 na kufa 1662. Ndiye aliyeonyesha kwamba ukikikandamiza kimiminika kilichofungiwa, shinikizo husambaa sawa kila upande. Ukibana mkono wa breki, pistoni ndogo husukuma oili, oili husukuma pistoni kubwa kule kwenye gurudumu, na pedi huibana diski. Pascal huyohuyo alikutana na Mungu usiku wa tarehe 23 Novemba 1654, akayaandika aliyoyaona na kuyashonea ndani ya koti lake. Hakuyatangaza. Mtumishi wake aliyagundua baada ya yeye kufa. Napenda sana habari hiyo: kitu kilichomwendesha mtu kwa miaka minane, kisionekane na yeyote.

Ubovu nao hujificha hivyo hivyo. Pistoni ya masta silinda ina raba mbili. Ile ya nje ikichoka, oili huvuja nyuma ya mkono wa breki na kubabua rangi, nawe utaiona. Ile ya ndani ikichoka, hakuna tone linalotoka. Oili hupenya pembeni ya raba na kurudi ilikotoka. Pikipiki inang'aa, imeoshwa Jumamosi jioni, lakini ukibana breki na kuishikilia, mkono unazama polepole hadi usukanini. Yesu aliwaambia Mafarisayo jambo kama hilo kuhusu kikombe kilichosuguliwa upande mmoja tu.

Adui mkubwa hapa ni unyevu. Oili ya breki ya kawaida, DOT 3 au DOT 4, hunyonya maji kutoka hewani hata chombo kikiwa kimefunikwa. DOT 4 mpya haichemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji ya kutosha, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi karibu 155. Kwenye mteremko mrefu, breki ikipata moto, oili hiyo huchemka na kutoa mvuke, na mvuke unabanika kama puto. Maji hayohayo huila silinda kwa kutu na vishimo. Ndiyo maana inashauriwa oili ibadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, ushauri ambao pikipiki nyingi za umri mkubwa hazijawahi kuuonja.

Kuitengeneza si kazi ya ajabu, ila inataka usafi na subira. Fundi anamwaga oili, anafungua mkono, anavua raba ya vumbi, anatoa klipu kwa koleo yake, na springi inaisukuma pistoni nje. Kisha anaangalia ndani kwa tochi. Vikiwapo vishimo au mikwaruzo inayokwama kucha, raba mpya hazitasaidia; silinda nzima ibadilishwe. Kuna tundu dogo mno chini ya kikopo cha oili, nalo lizibuliwe, maana likiziba oili hairudi na breki hubaki imeshika. Raba mpya hupakwa oili safi ya breki, si grisi wala oili ya injini, ambazo huvimbisha raba. Mdomo wa raba huelekea upande wa springi. Ukigeuzwa, breki haipo.

Halafu kutoa upepo, na hapa ndipo haraka huwaponza wengi. Bana, shikilia, fungua nipeli, funga, ndipo uachie. Ukiachia kabla ya kufunga, hewa inaingia tena na unaanza upya.

Wapo watakaosema tuache hayo, Mungu atalinda. Shetani alimshauri Yesu jambo linalofanana na hilo juu ya kinara cha hekalu, naye alikataa. Makanisa mengi siku hizi hubariki pikipiki za vijana wetu, na ni vyema. Ningefurahi siku moja mzee wa kanisa akainama kidogo na kuzibana breki zenyewe kabla ya maji ya baraka.

Kuna pia swali la uaminifu. Mteja haoni kilichomo ndani ya silinda, na fundi anaweza kuosha raba zilezile, akazirudisha na kudai bei ya mpya. Walawi 19 inazungumzia mizani na vipimo vya haki. Karakana nayo ni soko. Mwombe fundi akurudishie raba za zamani. Fundi mwaminifu hatakasirika. Zishike, pitisha kidole kwenye mdomo wake, na uone ulivyolika. Kisha, kabla ya kumpakia mtu, bana breki pikipiki ikiwa imesimama, uishikilie kwa nguvu kwa dakika nzima, huku ukiutazama mkono kama unatulia au unazama.