Kuhamia Singida kufuata timu: Mwandishi wa michezo ajipange vipi?

Mwandishi wa michezo aliyezoea Dar es Salaam anaweza kuona kuhamia Singida ni jambo jepesi. Mji una timu ya Ligi Kuu, mechi zipo, kazi ipo. Hesabu hubadilika kodi ya pili inapofika.

Mechi za nyumbani ni 15

Ligi Kuu Bara ina timu 16, hivyo kila timu hucheza nyumbani mara 15. Ukizigawa kwa msimu wa takribani miezi 10, hazifiki mechi mbili kwa mwezi.

Kwa anayelipwa kwa habari, bila mshahara, hapo kodi, bando na nauli vinagombania hela ileile.

Timu nazo huhama

Singida United ilipanda Ligi Kuu mwaka 2017, ikashuka 2020. Mwaka 2022 DTB ilipanda na kuitwa Singida Big Stars, ikamaliza msimu wake wa kwanza nafasi ya nne.

Mwaka 2023 jina likawa Singida Fountain Gate. Mwaka 2024 timu hiyo ikaondoka mkoani na kubaki Fountain Gate. Mwaka huohuo Ihefu, iliyotokea Mbarali mkoani Mbeya, ikaja na kuwa Singida Black Stars.

Yaani aliyehamia 2022 na kuamua kubaki ameshabadilisha timu ya kuandika bila yeye kubadilisha chumba. Kila mara alianza upya: viongozi wapya, makocha wapya, namba mpya za simu.

Kufika na kuzoea mji

Tangu 2024, treni ya SGR inafika Dodoma kutoka Dar es Salaam. Kutoka Dodoma hadi Singida ni barabara ya lami, kama kilomita 240, kwa basi.

Mji uko juu, upepo ni wa kutosha, na kuanzia Juni baridi ya asubuhi na usiku si ya utani. Koti si anasa.

Chakula si shida: kuku wa kienyeji wa Singida wanajulikana nchi nzima, na mafuta ya alizeti yanauzwa hadi kando ya barabara.

Kabla ya kulipa chumba, uliza mambo matatu: maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, mtandao unashika vipi ndani, na bodaboda wanafika hapo saa ngapi za usiku. Mechi ya usiku ikiisha, habari lazima itumwe na mwandishi lazima arudi nyumbani.

Kiswahili kinatosha kazini, lakini salamu ya Kinyaturu au Kinyiramba humfungulia mgeni milango mapema, hasa mbele ya wazee.

Habari kubwa zilitokea mbali

Septemba 2025, Singida Black Stars ilitwaa Kombe la Kagame kwa kuifunga Al Hilal ya Sudan 2-1. Fainali ilichezwa Dar es Salaam.

Mwezi huohuo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa wa Singida, alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia ya Riadha jijini Tokyo. Alitumia saa 2:09:48, muda sawa na Amanal Petros wa Ujerumani. Walitenganishwa na sekunde 0.03. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo.

Matokeo hayo kila chombo kilikuwa nayo dakika ileile. Kwa mwandishi aliyeko Singida, kilichobaki ni nyumbani: kijiji, shule, watu waliomwona bingwa akiwa mtoto. Hayo hayapatikani kwa kupiga simu ukiwa Dar, na hayapatikani kwa mgeni anayeishia uwanjani.

Wiki ya kwanza afanye nini?

- Ajitambulishe klabu ya waandishi wa habari ya mkoa, akiwa na kitambulisho cha Bodi ya Ithibati (JAB).
- Aonane na maofisa michezo wa halmashauri, zikiwemo Ikungi, Iramba, Mkalama na Manyoni.
- Apate ratiba ya mashindano ya shule na ligi ya mkoa.
- Asilipe kodi ya mwaka mzima kwa kuitegemea timu moja.

Timu ikihama tena, shule na vijiji hivyo vitakuwa palepale, na yeye atakuwa na cha kuandika.